Mfululizo mpya wa sarafu za ukumbusho: weka mpaka wako kabla ya kununua ya kwanza

Tangazo la mfululizo mpya wa sarafu za ukumbusho likitoka, mimi huwa na mioyo miwili. Mmoja unataka kuziona zote, tena upesi: michoro mipya, nyuso ambazo hazijawahi kuchongwa kwenye chuma, sababu ya kuitazama chenji badala ya kuitia tu mfukoni. Wa pili unauliza zitakuwa ngapi, zitaendelea kwa miaka mingapi, na kama zimetengenezwa ili watu wazitumie au ili watu kama mimi wazinunue. Wakusanyaji wengi ninaozungumza nao wako hivyo hivyo. Wapo waliochoka kabisa, wapo wanaochukua kila kitu, na katikati tupo sisi tunaolipenda jambo hili huku linatuelemea.

Sioni haja ya kuunyamazisha moyo mmoja. Ule wa kwanza ndio uliokufanya uwe mkusanyaji, na wa pili ndio unaokulindia fedha zako. Haya ninayoandika ni namna ya kuusikiliza kila mmoja kwa wakati wake, na shina lake ni hili: mtengenezaji ana mwisho wake, nawe weka wako, na uuweke kabla hujashika sarafu ya kwanza.

Soma tangazo lote, picha baadaye

Picha za matangazo ni nzuri mno kuaminika. Sarafu imekuzwa ikajaa ukurasa, imepigwa mwanga wa kitaalamu, na kila unywele unaonekana. Kwenye kiganja, kitu hicho kina upana wa sentimita mbili na nusu hivi. Kwa hiyo anza na maandishi, na cha kwanza kutafuta ni kama sarafu itaingia kwenye mzunguko wa kawaida au itauzwa tu kwenye kasha. Hizi ni biashara mbili tofauti. Sarafu ya mzunguko unaipata kwa thamani iliyoandikwa juu yake. Ukiichoka, unaitumia na hujapoteza kitu. Ya kasha unailipia zaidi ya thamani hiyo tangu siku ya kwanza, na ni nadra sana kuirudisha kwa bei uliyonunulia.

Kisha hesabu. Hapa ndipo wengi huteleza, kwa sababu tangazo husema idadi ya michoro, si idadi ya sarafu. Ujerumani ilianza mwaka 2006 kutoa sarafu za euro 2 za majimbo yake, na ikalimaliza jimbo la mwisho mwaka 2022. Majimbo ni 16, hesabu rahisi. Lakini kila mchoro ulifuliwa katika viwanda vitano, na kila kiwanda kikatia herufi yake: A, D, F, G, J. Anayetaka kila herufi ya kila jimbo anatafuta sarafu 80, na bado hajagusa zile za prufu, yaani zilizopigwa kwa mihuri iliyong'arishwa mahususi kwa wakusanyaji.

Marekani ni hivyo hivyo. Robo dola za majimbo 50 zilitolewa tano kila mwaka, 1999 hadi 2008, kwa kufuata mpangilio ambao majimbo yaliingia kwenye muungano, Delaware ikitangulia. Ukitaka za viwanda vya Philadelphia na Denver, na za prufu za San Francisco, zile za kawaida na zile za madini ya fedha, 50 zinageuka kuwa 200. Na mfululizo haukuishia pale. Mwaka 2009 zikaja sita za Wilaya ya Columbia na maeneo yaliyo chini ya Marekani. Kuanzia 2010 hadi 2021 zikaja 56 za hifadhi za taifa na maeneo ya kihistoria. Kuanzia 2022 hadi 2025 zikaja 20 za wanawake mashuhuri. Jumlisha: michoro 132 kwenye sarafu ya thamani moja, ndani ya miaka 27. Mtu akikuambia amechoka na mfululizo mpya, usimwone mvivu. Kuna waliokamilisha albamu ya matundu 50 wakashusha pumzi, na mwaka uliofuata zikatoka sita zisizo na mahali pa kukaa.

Ndiyo maana nasema usinunue albamu mapema. Weka sarafu kwenye mirija au vifuko, subiri mfululizo ufike katikati, ndipo ununue albamu ukijua inaelekea wapi.

Mpaka wenyewe

Chukua karatasi uandike sentensi moja inayosema unakusanya nini. Si lazima iwe na maana kwa mtu mwingine. Kuna anayekusanya mchoro mmoja mmoja bila kujali kiwanda. Kuna anayechukua herufi moja tu ya kiwanda, mwaka baada ya mwaka. Kuna anayechagua mada ikapita nchi zote: mimea, madaraja, meli, wanasayansi, ndege. Huyu wa mada namwonea wivu, kwa sababu kila tangazo linalotoka popote duniani anaweza kulichambua kwa dakika moja: ina meli, haina meli.

Mimi huchukua moja kwa kila mchoro, na iwe imepita mikononi mwa watu. Sitaki prufu za mfululizo wa mzunguko. Najua nyuso zao ni kama kioo na michoro yake ina weupe wa barafu, na nikiziona kwa wengine nazitazama kwa muda mrefu. Lakini kwangu sarafu ya ukumbusho ina uzito pale ambapo mtu asiyejali sarafu amelipwa nayo, akakuta jina asilolijua, akauliza ni nani huyu. Kasha halijawahi kufanya kazi hiyo.

Mpaka ukishaandikwa, ujaribu kwa kuuliza swali moja: je, unaweza kukamilika bila kununua kitu usichokipenda? Kama jibu ni hapana, ubane. Kila mfululizo mrefu una michoro dhaifu. Kamati zinapotaka kutia milima, mto, ndege, maua na sura ya mtu kwenye duara moja dogo, kinachotoka ni msongamano. Mkusanyaji wa mfululizo mzima anabeba na hizo. Mkusanyaji wa mada haziangalii.

Tofautisha ukumbusho na biashara ya ukumbusho

Manung'uniko kuhusu mfululizo mpya si ya leo, na kuijua historia yake kutakusaidia kuona mapema mambo yanapoanza kuharibika. Nusu dola ya Columbus, ya 1892 na 1893, ndiyo sarafu ya ukumbusho ya kwanza ya Marekani. Iliuzwa kwa dola moja, mara mbili ya thamani yake, kwenye maonyesho makubwa ya Chicago. Nyingi hazikununuliwa, na zilizobaki zikamwagwa kwenye mzunguko kama fedha ya kawaida.

Miaka ya 1930 hali ikawa mbaya zaidi. Nusu dola ya Njia ya Oregon ilianza 1926 ikaendelea kurudi hadi 1939, mchoro ule ule, ikibadilika mwaka na kiwanda. Ile ya Daniel Boone ilianza 1934. Mwaka 1935 zikatolewa zilizoongezewa tarakimu ndogo 1934, na za Denver na San Francisco zilikuwa elfu mbili na ushee tu kila kiwanda. Aliyekuwa akikusanya kwa uaminifu tangu mwanzo akajikuta hana, na waliozipata wakapandisha bei. Mwaka 1939 Bunge la Marekani likazisimamisha sarafu hizo zilizokuwa zikirudiwa. Baada ya 1954 nchi hiyo haikutoa nusu dola nyingine ya ukumbusho ya namna hiyo hadi 1982, ilipoadhimisha miaka 250 tangu kuzaliwa kwa George Washington.

Kwa hiyo dalili za kuangalia ni zile zile za wakati ule. Mchoro mmoja unarudi kwa tofauti ndogo isiyo na sababu. Tukio linaloadhimishwa halihitaji ukumbusho, au limechaguliwa kwa kuwa linauzika. Idadi imepunguzwa kwa makusudi kwenye toleo moja tu, katikati ya mfululizo ambao watu tayari wameuanza. Hii ya mwisho naichukia waziwazi, maana inamwadhibu yule aliyekuwa mwaminifu. Ukiiona, rudi kwenye karatasi yako. Kama sentensi yako inasema “mchoro mmoja mmoja”, toleo lile la pekee halikuhusu, na huo mpaka uliouandika ukiwa umetulia utakuokoa siku ambayo hujatulia.

Upande wa pili wa haki ni huu: mfululizo uliopangwa vizuri hufanya kazi ambayo hakuna kitu kingine kinaifanya. Kanada ilitoa robo dola 12 mwaka 1992, moja kila mwezi, kwa kila mkoa na eneo lake, na watoto wakaanza kugeuza chenji. Mwaka 2022 mwandishi Maya Angelou alipowekwa kwenye robo dola, alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuonekana kwenye sarafu hiyo. Mamilioni ya watu waliishika bila kununua tiketi ya makumbusho.

Na hiyo ya 2022 igeuze, uangalie upande wa kichwa. Robo dola yenye Washington ilizaliwa 1932 ikiwa ni ukumbusho wa miaka 200 tangu azaliwe. Mchongaji Laura Gardin Fraser alichonga sura yake kwa shindano la kuchagua mchoro wake, na kamati ya wasanii ikaipendekeza, lakini waziri wa fedha akachagua ya John Flanagan. Ya Flanagan ikakaa miongo mingi, Washington akitazama kushoto. Mwaka 2022, kwenye mfululizo wa wanawake, Washington akageuka akatazama kulia: ndiye yule wa Fraser, amesubiri miaka 90. Chukua lenzi uangalie taya lilivyokazwa na nywele zilivyorudishwa nyuma kwa mafungu mazito, kisha weka pembeni ya Flanagan. Uso wa Fraser una mtu ndani yake. Mfululizo ukiweza kukupa kitu kama hiki, kelele zote za matangazo zinasameheka.

Idadi na uhaba

Watu hununua sarafu za ukumbusho wakiamini kwamba ukumbusho ni uhaba. Mara nyingi ni kinyume, kwa sababu ukumbusho ndio unaowafanya watu wazifiche. Robo dola ya Marekani yenye mpiga ngoma, iliyoandikwa 1776–1976, ilifuliwa zaidi ya bilioni 1.6, na watu wakajaza mitungi. Iliyopita mikononi bado ina thamani ya robo dola. Krauni ya Churchill, sarafu kubwa ya Uingereza ya 1965, ilifuliwa karibu milioni 20, nayo imejaa kwenye madroo hadi leo.

Sasa ilinganishe na peni 50 za Uingereza zenye mnara wa bustani za mimea za Kew, London, za 2009. Zilikuwa 210,000 tu, ziliingia kwenye mzunguko bila kelele, na uhaba wake ukajulikana baadaye. Hiyo ndiyo njia ambayo sarafu ya kisasa huwa adimu kweli: hakuna aliyejua wakati ule. Ikitangazwa kwamba ni adimu siku inapotoka, kila mnunuzi ataitunza vizuri, na hakuna itakayopotea.

Kew ina somo jingine. Mwaka 2019 mchoro ule ulitolewa tena kwenye seti za wakusanyaji, ukiwa na tarehe ya 2019. Baadhi ya waliokuwa na ya 2009 walihisi wameibiwa. Wengine, ambao wasingeipata kamwe, walifurahi. Naelewa pande zote, ila kwa mnunuzi jambo ni jepesi: soma mwaka. Muuzaji anayeonyesha upande wa mnara tu na kuacha upande wenye tarehe, mwombe picha ya pili, na akisitasita, mwache.

Wakati wa kununua

Za mzunguko, usinunue. Subiri, uliza wenzako, badilishaneni. Ikibidi ununue, omba mrija mzima wa mchoro mmoja kwa thamani yake, mgawane.

Za kasha, usinunue wiki za kwanza isipokuwa unaipata moja kwa moja kwa mtengenezaji kwa bei yake. Nje ya hapo wiki hizo ndizo bei inapopanda kuliko kawaida, kwani wanaotaka haraka wote wako sokoni pamoja na wanaouza ni wachache. Hamu ikitulia, waliozinunua ili wauze nao wanaanza kuzitoa. Unapopima bei, tazama zilizouzwa kwenye minada, si zinazoombwa. Mtu anaweza kuomba chochote.

Kuna na zile zilizofungwa kwenye kasha gumu la plastiki zenye daraja. Kipimo kinachotumika sana huanzia 1 hadi 70. Kwa sarafu ya zamani daraja ni habari kubwa. Kwa sarafu mpya iliyotoka kiwandani ikawekwa kwenye kasha bila kuguswa, 69 na 70 ni kawaida, na tofauti kati yake huwezi kuiona kwa jicho. Lebo inayosema imetoka siku ya kwanza inakuambia habari za karatasi; chuma ni kile kile.

Sarafu ikishafika mkononi

Ishike kwa ukingo, vidole viwili, juu ya kitambaa laini. Tumia taa moja, nyingine zizime. Iinamishe polepole huku na huku: kwenye sarafu ambayo haijatumika utaona mkanda wa mwanga ukizunguka kutoka katikati kama mkono wa saa. Mkanda ukikatika juu ya shavu au bega, mahali palipoinuka, basi pameshasuguliwa, hata kama muuzaji ameandika haijatumika.

Kisha lenzi, na usiharakishe, maana hapa ndipo mfululizo wa kawaida hukupa zawadi. Robo dola ya Wisconsin ya 2004 ina ng'ombe, jibini na hindi. Kwenye baadhi ya zile za Denver, yenye herufi D, kuna jani la ziada upande wa kushoto wa hindi: kwa nyingine limeelekea juu, kwa nyingine limelala chini. Mamilioni ya watu walizipitisha. Tangu nilipolijua jani hilo sipitishi sarafu ya mfululizo bila kuangalia mistari midogo ya mchoro, herufi ya kiwanda na tarakimu za mwaka.

Kwa unazonunua, mizani ndogo inatosha kuzuia bandia nyingi. Robo dola ya kawaida ni gramu 5.67 na kipenyo milimita 24.26. Euro 2 ni gramu 8.5 na milimita 25.75, sehemu yake ya katikati inavutwa kidogo na sumaku, na ukingoni ina mikwaruzo iliyochongwa pamoja na maandishi au alama za nchi. Bandia nyingi hufichuliwa na ukingo.

Usizisafishe. Si kwa sabuni ya meno, si kwa limau, si kwa kitambaa kilichotiwa dawa. Kifuko kiwe cha polista. Plastiki ya PVC inaachia ute wa kijani unaokula chuma. Raba na karatasi za kawaida zina salfa inayoifanya fedha iwe nyeusi, basi ziweke mbali, na mahali pawe pakavu.

Ukifika njiani ukachoka

Mfululizo wa miaka kumi ni mrefu kuliko hamu ya watu wengi, na kuacha katikati si aibu. Ila acha kwa utaratibu. Tazama ulizo nazo na uulize kama zinaweza kuwa mkusanyo mwingine uliokamilika: miaka mitano ya kwanza, mchoro wa msanii mmoja, hifadhi za milima tu. Mara nyingi zinaweza, na sentensi kwenye karatasi inabadilishwa mara moja, ukaandika na tarehe.

Zilizobaki, zile za mzunguko zirudishe kwenye mzunguko. Ukimjua mtoto anayeanza, mpe za michoro tofauti pamoja na karatasi yenye majina ya zile ambazo hajazipata, ili awe na za kutafuta. Za kasha ziuze mapema, zikiwa na kasha lake na cheti chake, na usizivunje seti kabla ya kulinganisha: tafuta matokeo ya minada ya seti nzima, kisha ya moja moja, kwa sababu wakati mwingine sarafu mbili ndizo zinazobeba thamani yote na nyingine kumi zinasindikiza. Ukikuta ni hivyo, zitoe hizo mbili kwanza kwa picha safi za pande zote na ukingo, kisha hizo kumi uziuze kwa pamoja kwa mtu ambaye mfululizo ndio kwanza umemnogea.